KADI ZA HARUSI KWA MIKONO YENU WENYEWE

Ikiwa wewe na mchumba wako mmekwisha kukubaliana, mahari imezungumzwa na wazazi wa pande zote mbili wamepeana mikono, sasa imebaki kuwaalika watu. Hapa ndipo wachumba wengi hukwama.

Katika vijiji vinavyozunguka soko la Kamukuywa, kama ilivyo kwingi kati ya Bungoma na Kitale, wako watu walioishi pamoja miaka mitano au kumi, wakazaa na kulea, lakini hawajafika altareni. Ukiwauliza sababu, mara nyingi utajibiwa, "Bado tunatafuta pesa za harusi." Jibu hilo linasikitisha, kwa maana Kanisa halidai keki, magari wala kadi za kung'aa. Linataka hiari kamili ya hao wawili, mhudumu wa Kanisa wa kuipokea ahadi yao, na mashahidi wawili. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 nayo inataka mashahidi wawili. Mengine ni heshima na furaha, na kila nyumba hufurahi kwa kadiri ya uwezo wake.

Kadi si gharama kubwa kuliko zote, lakini mara nyingi ndiyo ya kwanza. Mkianza kwa kushindana na harusi ya jirani, mtaendelea hivyo hivyo kwenye nguo, magari na chakula. Mkianza kwa kiasi, mmejifunza somo la kwanza la kutunza nyumba.

1. Tarehe kwanza, karatasi baadaye

Msichapishe kadi hata moja kabla paroko hajaiandika tarehe yenu. Matangazo ya ndoa kwa kawaida husomwa Jumapili tatu. Ikiwa bibi arusi anatoka upande wa Kitale na bwana arusi upande wa Kamukuywa, parokia zote mbili zitahusika, na barua za kutoka moja kwenda nyingine huchukua muda. Tena hayo ni majimbo mawili: la Bungoma lilianzishwa mwaka 1987, na la Kitale mwaka 1998.

Angalieni pia kalenda ya watu wenu. Kati ya Wabukusu, Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili ni wakati wa kutahiri vijana. Jamaa mnaowategemea watakuwa na sherehe zao na gharama zao. Wakati wa Kwaresima na Majilio parokia nyingi hazipangi harusi za shangwe, na Ijumaa Kuu na Jumamosi Kuu ndoa hazifungwi. Baada ya mavuno ya mahindi mifuko huwa na kitu, lakini Januari karo ya shule hukimaliza.

2. Nani apewe kadi?

Andikeni majina kwa nyumba, si kwa vichwa. Baba, mama na watoto wao ni kadi moja. Kisha jiulizeni: ni nani asiyeweza kualikwa vizuri bila karatasi? Majirani na wanajumuiya mtawaalika kwa mdomo, katika mikutano ya Jumuiya Ndogo Ndogo na katika matangazo baada ya Misa. Liguru na wazee wa kijiji hufurahi zaidi mkienda wenyewe nyumbani kwao. Walio mbali, Nairobi au ng'ambo, watumieni picha ya kadi kwa simu.

Wanabaki wale ambao kadi ni heshima yao: khocha, yaani mjomba, na senge, yaani shangazi, wasimamizi wenu, walimu wenu, wakuu wa kazi. Orodha ya nyumba 300 inaweza kushuka hadi 80.

3. Hesabu

Chukueni mfano huu, kisha mweke bei za soko lenu. Tuseme duka la kuchapa linataka shilingi 80 kwa kadi moja. Kadi 300 ni shilingi 24,000. Kadi 80 ni shilingi 6,400.

Sasa tuseme mnatengeneza wenyewe. Karatasi ngumu ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa 297. Ikikatwa mara nne, hutoa kadi nne za milimita 105 kwa 148. Kadi 80 zahitaji karatasi 20. Ongezeni mbili za kuharibika, ziwe 22. Ikiwa karatasi moja pamoja na kuchapwa ni shilingi 30, mtalipa 660. Bahasha 80 za shilingi 10 ni 800. Jumla ni 1,460. Shilingi 4,940 zimebaki kwa sukari na mchele, na hakuna mgeni atakayelala njaa kwa sababu kadi haikung'aa.

4. Kazi yenyewe

Andikeni maneno kwenye kompyuta ya saiba, mara nne katika ukurasa mmoja. Chapeni ukurasa mmoja tu. Upelekeni kwa wazazi wa pande zote na kwa katekista wausome. Kosa katika jina la mzee hugharimu zaidi ya karatasi. Wakisharidhika, ndipo mchape zote.

Pimeni kwa rula, mkate kwa wembe mpya juu ya ubao, karatasi mbili au tatu kwa mara moja. Mkasi hupindisha ukingo. Mkitaka pambo, migomba iko nyumbani. Chukueni ngozi kavu ya shina la mgomba, ifuteni vumbi, ilazeni chini ya vitabu vizito mpaka inyooke, mkate vipande vyembamba na kuvibandika pembeni kwa gundi nyeupe. Iwe imekauka kabisa, la sivyo kadi itaota ukungu. Waiteni ndugu na marafiki jioni moja wawasaidie. Kwa jioni hiyo pande mbili zitafahamiana kabla ya siku yenyewe.

5. Maneno ya kadi

Kadi nzuri hujibu haya: nani anaalika, nani wanaoana, wapi, lini, na baada ya Misa twende wapi. Mfano:

"Familia ya Mzee ... na Mama ..., pamoja na familia ya Mzee ... na Mama ..., wana furaha kumwalika ... kwenye Misa ya Ndoa ya watoto wao ... na ..., katika Kanisa la ..., Parokia ya ..., Jumamosi tarehe ..., saa 4.00 asubuhi. Baada ya Misa, karibuni nyumbani kwa Mzee ..., kijiji cha ..., njia ya kutoka soko la ..."

Tajeni parokia na soko lililo karibu, kwa sababu makanisa mengi yana msimamizi mmoja, na mgeni aweza kupotelea kwa Mtakatifu Yosefu mwingine. Tumieni lugha ambayo bibi na babu wataielewa. Kiingereza hakiongezi utakatifu wa ndoa.

Majina ya wazazi yanahitaji busara. Aliyefariki aandikwe "marehemu", asifutwe. Ikiwa baba ana wake wawili, au mama alilea peke yake, au mjomba ndiye aliyelipa karo, msiamue ninyi wawili usiku mbele ya kompyuta. Waulizeni wazee mapema. Harusi nyingine zimeingiwa na uchungu kwa sababu ya jina lililoachwa.

6. Mwaliko na mchango

Wenzetu wa Tanzania wamezoea kutoa kadi ya mchango kwanza, na kadi ya mwaliko baadaye. Kwetu kamati hukusanya kwa harambee na kwa simu. Kwa vyovyote vile, msiweke namba ya kutuma pesa kwenye kadi ya mwaliko. Mjane aliyewafundisha kusali asidhani kwamba kiti chake kinauzwa. Kitabu cha mchango kiwe mbali, kishikwe na mweka hazina, na mwisho kamati isomewe hesabu.

Gaweni kadi majuma matatu au manne kabla ya siku. Zikipelekwa mapema mno husahauliwa, na zikichelewa huonekana kama dharau. Kwa wazazi wa ubatizo, wasimamizi na wajomba, nendeni wenyewe wawili.

Kumbukeni arusi ya Kana, katika Injili ya Yohane, sura ya 2. Divai iliwaishia wenye arusi, wala Yesu hakuwalaumu kwa ufukara wao. Alikuwapo kwa sababu walimwalika.

Maswali ya kujadiliana wachumba wawili

1. Je, ni gharama gani katika mpango wetu tunayoifanya kwa kuogopa maneno ya watu?
2. Tukifunga ndoa bila deni, tutafanya nini na pesa za miezi mitatu ya kwanza?
3. Ni nani katika familia zetu ambaye jina lake au mwaliko wake unahitaji mazungumzo kabla hatujachapa?
4. Ikiwa tayari tunaishi pamoja, ni kitu gani hasa kinachotuzuia kumwendea paroko juma hili?