Somo juu ya Amri ya Tano: Dhambi ya Kumpiga Mke, na Dhambi ya Kumtetea Ampigaye

Wakatekumeni wengi hudhani kwamba Amri ya Tano yamhusu mwuaji peke yake, yule ashikaye bunduki au panga. Kwa hiyo wanapochunguza dhamiri huipita upesi, wakisema moyoni, "Mimi sikuua mtu." Lakini Amri hiyo yakataza pia kuujeruhi mwili wa jirani, na jirani wa kwanza wa mume ni mke wake. Somo hili lahusu dhambi mbili: ya yule apigaye, na ya wale wamtafutiao udhuru. Hiyo ya pili huungamwa mara chache, maana wengi hawajui kwamba ni dhambi.

MFANO

Itazamwe nyumba moja juu ya kilima, karibu na Kitshanga. Mume arudi usiku, akuta maharagwe hayajaiva kwa sababu kuni ni mbichi. Ashika mti, ampiga mkewe hata mkono wavunjika. Asubuhi mke aenda kwa wazazi wake, mtoto yu mgongoni. Wazee wakutana barazani. Hawamwulizi mume, "Kwa nini umempiga?" Wamwuliza mke, "Ulimfanyia nini?" Kisha wasema kwamba mume ni mtu mwema, huimba kanisani, hulima kwa bidii, ila jana alikuwa amekunywa kasiksi. Mume atoa mbuzi mmoja, wazee wala nyama, mke arudishwa kwake. Wote waenda nyumbani kwa amani, isipokuwa mmoja.

Neno hili si la kilima kimoja. Katika miaka ya 2013 na 2014 ulifanywa uchunguzi wa afya katika Kongo nzima. Watu waliulizwa kama ni haki mume ampige mkewe akiunguza chakula, akibishana naye, akitoka bila kuaga, akiwaacha watoto bila matunzo, au akikataa kulala naye. Wanawake watatu hivi kati ya kila wanne walijibu kwamba ni haki, walau kwa kosa moja kati ya hayo. Yaani hata wale wanaopigwa wamefundishwa kumtetea ampigaye.

UDHURU WA KWANZA DUNIANI

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 3, chasimulia kwamba Mungu alipomwuliza Adamu habari za kosa lake, Adamu alimtaja mkewe. Huo ndio udhuru wa kwanza uliosikika duniani: mume kumtupia mke kosa lake mwenyewe. Mungu hakuupokea. Eva aliulizwa lililo lake, na Adamu akaadhibiwa kwa lililo lake. Basi mzee aulizaye, "Mke alifanya nini?" kabla ya kumwuliza mume, aurudia udhuru ambao Mungu aliukataa.

UDHURU USIKIKAO VIJIJINI

1. "Ni pombe." Lakini mlevi huyo, akikutana njiani na askari mwenye bunduki, hampigi. Akipita mbele ya chifu, avua kofia. Pombe haikumwondolea akili ya kuchagua: amchagua yule asiyeweza kumrudishia pigo.

2. "Alitoa mali." Ng'ombe na mbuzi waliotolewa ni alama ya heshima na ya undugu kati ya jamaa mbili. Si bei. Mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu hanunuliwi, wala mifupa yake haiuzwi.

3. "Mke alikosa." Huenda alikosa kweli. Mume naye hukosa, wala hakuna asemaye kwamba apigwe na mkewe. Kosa huonywa kwa maneno.

4. "Vita vimemharibu." Ni kweli kwamba nchi ya Masisi imeteswa sana. Mwaka 2013 nyumba nyingi za Kitshanga ziliteketea katika mapigano, na mwezi wa Januari 2023 watu wengi walikimbia tena. Kwa miaka mingi kambi za Mungote na Kahe zilijaa watu waliopoteza mashamba yao. Lakini mke alikimbia njia ile ile, mtoto mgongoni na chungu kichwani. Tena watu wote huwalaani wenye silaha wanaowapiga wanawake njiani. Mbona pigo lile lile, likitoka katika mkono wa mume, laitwa maonyo? Mfupa uliovunjika hauulizi ni nani aliyeuvunja.

5. "Mashoka mawili kapuni hayakosi kugongana." Methali hiyo ni njema kwa watu wanaobishana. Lakini mashoka yote mawili ni chuma. Hapa moja ni chuma, na jingine ni nyama na damu. Tena iko methali nyingine: mficha maradhi, kifo humfichua. Mambo ya nyumba yaliyofichwa mno huja kujulikana siku ya mazishi.

DHAMBI YA ANAYETETEA

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba mtu hushiriki dhambi ya mwenziwe akiitenda pamoja naye, akiiagiza au kuisifu, akiinyamazia hali ana wajibu wa kuizuia, au akimlinda mtenda mabaya. Basi wachunguzwe watu wa ule mfano. Mzee aliyesema, "Mume ndivyo alivyo," amesifu. Jirani aliyesikia kilio akafunga mlango, amenyamaza. Mama mkwe aliyeficha ule mti, amelinda. Hakuna hata mmoja wao aliyeinua mkono, lakini kila mmoja amempa mume ruhusa ya kupiga mara ya pili.

UKICHWA WA MUME

Wako wasemao, "Mtume Paulo ameandika kwamba mume ni kichwa." Na wasome hadi mwisho. Katika sura ya 5 ya barua kwa Waefeso, Paulo awaamuru waume wawapende wake zao kama Kristu alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake. Kristu hakulipiga Kanisa. Alipigwa yeye kwa ajili ya Kanisa. Naye Papa Fransisko, katika barua yake Amoris Laetitia ya mwaka 2016, aliandika kwamba kumpiga mke si nguvu za kiume, bali ni woga.

Yuko pia Patrisi, baba wa Mtakatifu Augustino, aliyeishi Afrika ya Kaskazini katika karne ya nne. Alikuwa mkali, tena si mwaminifu katika ndoa, na kwa miaka mingi hakuwa amebatizwa. Wanawake wa mji ule walionekana na alama za mapigo usoni. Hata hivyo Augustino ashuhudia kwamba haikusikika hata siku moja kwamba Patrisi amempiga Monika. Ikiwa mpagani mwenye hasira aliweza kuuzuia mkono wake, mkristu atajibu nini?

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Je, mke hapaswi kusamehe?
Jibu: Apaswa kusamehe, kama kila mkristu. Lakini kusamehe si kurudi chini ya mti. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1153, yamruhusu mwenye ndoa aliye katika hatari kubwa ya mwili au ya roho kuondoka kwa idhini ya Askofu. Na kama kukawia ni hatari, aondoke mara moja. Ndoa haivunjwi kwa hiyo, uhai walindwa.

Swali: Mume atubu namna gani?
Jibu: Akiri bila kumtaja mkewe kama sababu, alipe gharama za matibabu, aache pombe ikiwa ndiyo njia ya dhambi yake, akubali kuangaliwa na wengine. Mbuzi wa wazee si toba.

Swali: Serikali yasemaje?
Jibu: Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 14, yaagiza kupinga kila ukatili juu ya wanawake, hadharani na nyumbani.

Swali: Jirani asikiaye kilio afanye nini?
Jibu: Aite wengine, waende pamoja, wamtoe mke na watoto, wawapeleke mahali pa usalama na kwa mganga. Maneno ya upatanisho yatafuata baadaye.

KAZI YA JUMA HILI

Siku ya Ubatizo, kila mkatekumeni ataulizwa mbele ya watu wote kama amkataa Shetani na kazi zake zote. Kabla ya siku hiyo, akumbuke nyumba moja aliyosikia kilio chake, na neno alilolisema asubuhi yake. Kama lilikuwa neno la udhuru, na aende kwa mwanamke yule, amwombe radhi.