Je, Chembe Sahani Zangu ni Chache?

Tuseme umekwenda kupima damu. Unapewa karatasi ya majibu: chembe sahani 138,000, na alama ya nyota pembeni. Kawaida, karatasi inasema, ni 150,000 hadi 400,000. Moyo unaanza kwenda mbio. "Jamani, nina ugonjwa gani?"

Subiri kidogo. Hebu kwanza tujue hizo namba zimetoka wapi.

Chembe sahani ni zile chembe ndogo sana zinazosaidia damu kuganda unapojikata. Huhesabiwa katika milimita moja tu ya ujazo wa damu.

Ili kupata kiwango cha kawaida, wataalamu huwapima watu wenye afya njema, angalau 120. Majibu hupangwa kuanzia dogo hadi kubwa. Kati ya kila watu 200, watano wa chini kabisa na watano wa juu kabisa huachwa kando. Waliobaki katikati ndio wanaoweka mipaka ya "kawaida".

Umeona? Hata wale walioachwa kando walikuwa na afya! Kwa hiyo kuwa nje ya mpaka siyo lazima uwe mgonjwa.

Swali la pili: walipimwa watu wa wapi? Namba nyingi tunazotumia zilitoka Ulaya na Marekani. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watu wazima zaidi ya 2,000 wenye afya kutoka Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia. Kwao mpaka wa chini ulikuwa 126,000, na wa juu 438,000. Kwa mipaka hiyo, 138,000 imo ndani.

Lakini usije ukaitupa karatasi yako! Malaria na dengi nazo hushusha chembe sahani. Ndiyo maana daktari haangalii namba peke yake. Atakuuliza: Una homa? Fizi zinatoka damu? Damu ya pua haikatiki? Ngozi ina vidoa vyekundu? Ukiwa na dalili hizo, wahi hospitali. Kama huna, usiogope kumwuliza: "Daktari, mipaka hii ni ya watu gani? Nirudie kipimo lini?"

ZOEZI: Darasa lenu lina wanafunzi 40, wote wazima. Wangapi wanaweza kuonekana nje ya kiwango cha kawaida? (Jibu: 2 hivi.) Jadilianeni: mngewaambia nini wenzenu hao?