Nyumba ya Gruuthuse

Brugge ni mji wa zamani katika nchi ya Ubelgiji. Kando ya kanisa la Bikira Maria, lenye mnara wa matofali wa metre 115, kuna nyumba kubwa ya mabwana. Jina lake ni Gruuthuse, ni kusema nyumba ya gruut.

Gruut ni nini? Ni majani makavu yenye harufu nzuri. Watu wa kale waliyatia katika pombe ili iwe tamu. Jamaa moja tu ya mabwana ilikuwa na ruhusa ya kuyauza. Baadaye jamaa hiyo ilipokea kodi ya pombe. Matajiri walilipa, na maskini walilipa. Hivyo jumba lile lilijengwa kwa fedha za watu wengi.

Bwana mashuhuri wa nyumba hiyo aliitwa Lodewijk. Katika mwaka 1470, Edward wa Nne, mfalme wa Uingereza, alishindwa na adui zake. Akakimbia kwa chombo, akavuka bahari. Hakuwa na fedha. Husimuliwa kwamba alimlipa mwenye chombo kwa kumpa joho lake lenye manyoya. Charles, mtawala aliyekuwa mkubwa wa Lodewijk, hakupenda kumpokea mkimbizi huyo, maana aliogopa vita. Lakini Lodewijk alimpokea. Alimpa mavazi na chakula, akamkaribisha katika nyumba yake ya Brugge. Mwezi wa tatu wa mwaka 1471 Edward alirudi kwao, akapata tena ufalme wake. Hakusahau wema ule. Katika mwaka 1472 alimpa Lodewijk cheo kikubwa cha Uingereza.

Mwaka uleule Lodewijk alijenga chumba cha sala kilichounganisha nyumba yake na kanisa. Toka dirisha lake aliona altare. Na katika nyumba yake kulichongwa maneno haya ya jamaa yake: Ndani yenu mna zaidi.

Lodewijk alikufa katika mwaka 1492. Mabwana wakapita, nyumba ikabaki. Katika karne ya 17 ikawa nyumba ya rehani kwa kuwasaidia maskini. Mtu mwenye shida alileta koti au chungu chake, akakiacha pale, akapewa fedha. Aliporudisha fedha pamoja na faida kidogo, alipata tena kitu chake. Zamani nyumba ile ilipokea kodi ya maskini, sasa iliwakopesha.

Katika mwaka 1865 watu fulani wa Brugge waliona kwamba vitu vya wazee wao vinapotea. Wengine walivitupa, wengine waliviuza. Basi wakaanza kuvikusanya. Katika mwaka 1875 mji ulinunua nyumba ya Gruuthuse. Mafundi wakaitengeneza, na vile vitu vikawekwa ndani. Leo ni makumbusho, ni kusema nyumba ya kutunzia vitu vya kale. Mna vyombo vya fedha na vyombo vya udongo, vitambaa vya sufu vilivyofumwa picha, na dantela, kazi ya mikono ya wanawake wa Brugge. Mtoto wa fundi anaingia katika vyumba alimolala mfalme, naye anajifunza jinsi wazee wake walivyopika, walivyofuma na walivyosali.

Mali ya Lodewijk imetawanyika. Wema aliomtendea mgeni bado unasimuliwa. Chungu cha bibi na jembe la babu ni vitu vidogo, lakini anayevitunza anawatunzia watoto wake kumbukumbu. Hata mtu asiye na jumba anaweza kumpokea mgeni na kuheshimu kazi ya wazee wake. Ndani ya kila mmoja mna zaidi.

Maulizo

1. Gruut ilikuwa nini, na nani waliiuza?
2. Kwa nini Charles hakupenda kumpokea Edward?
3. Eleza kazi ya nyumba ya rehani.
4. Taja kitu kimoja cha zamani kilichomo nyumbani kwenu. Nani alikitengeneza?