SOMO LA VIUMBE: KIPEPEO CHA USIKU, MAMA YA VINKUBALA



Vinkubala tunavijua sisi wote. Mama anavinunua sokoni, anavipika na nyanya, tunavila na bukari. Lakini mama ya vinkubala, nani amekwisha kumuona? Tujifunze juu ya aina moja, ile Wabemba wanaita chipumi. Wanasayansi wanaiita Gynanisa.

1. Yai. Mvua zikianza, kipepeo jike anataga mayai juu ya miti ya pori, sawa mutondo.

2. Kinkubala. Kinatoka katika yai, kinakula majani. Ngozi ikikibana, kinaivua, kinapata mpya. Kazi yake ni kula na kuweka akiba mwilini.

3. Udongoni. Kikikomaa kinashuka, kinajizika. Kinavaa ganda gumu, kinangoja kiangazi kipite bila kula kitu.

4. Kipepeo. Anatoka na kuruka usiku. Ni mkubwa, na kila bawa la nyuma lina alama sawa jicho. Kinywa cha kula hana. Anaishi siku chache tu kwa akiba ile ya kinkubala. Dume anamtafuta jike gizani kwa harufu, akitumia pembe zake zinazofanana na manyoya ya ndege. Wakikutana, jike anataga, halafu wanakufa. Ndiyo sababu hatuwaoni.

Juu ya nini tujue hayo? Profesa François Malaisse, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliandika na mwenzake Parent mwaka 1980 juu ya vinkubala vya kwetu. Walipima aina 23: katika gramu 100 za vinkubala vikavu, karibu gramu 63 ni protini. Ni chakula cha nguvu kweli! Lakini miti inakatwa kwa makala, na wengine wanaangusha mti mzima ili kuokota vinkubala vyake. Mwaka ujao kipepeo atataga wapi?

Kuna njia nyingine. Kule Kopa, kaskazini ya Zambia, watafiti waliandika mwaka 2002 jinsi wenyeji wanavyochunguza mayai, wanavyolinda pori na moto, na wanavyongoja wakati uliowekwa ndipo waokote. Kinkubala kinachoachwa kishuke udongoni, hicho ndicho mbegu.

Maulizo:
a) Kipepeo asiye na kinywa anaishi kwa nguvu gani?
b) Tukiokota vyote, nini kitatokea mwaka ujao?
c) Ulizeni wazee nyumbani: zamani vinkubala viliokotwa namna gani?