Umehamia Dar? Kijitabu cha Msafiri na Dereva Mgeni Jijini

Kabla ya usukani

Mtu anayehamia Dar es Salaam kutoka Singida, Sumbawanga au Musoma akishapata chumba hubaki na swali moja kubwa: kazini nitafikaje? Ushauri wetu wa kwanza huenda ukawakera waliokuja na gari. Wiki za mwanzo liegeshe, upande daladala. Dereva aliyelijua jiji kwanza akiwa abiria hufanya makosa machache kuliko yule aliyeingia moja kwa moja na usukani mkononi, akitazama simu kutafuta njia huku magari ya nyuma yakimpigia honi.

Ramani yenyewe si ngumu. Barabara kuu nne zinatoka katikati ya jiji: ya Kilwa inakwenda Mbagala, ya Nyerere inapita uwanja wa ndege kuelekea Gongo la Mboto, ya Morogoro inakwenda Kimara na Mbezi, na ya Bagamoyo inapita Mwenge hadi Tegeta. Mandela na Sam Nujoma zinaziunganisha kwa pembeni. Ukizishika hizo sita kichwani, mitaa mingine itajipanga yenyewe.

Ukija kwa basi la mkoani, kuna uwezekano mkubwa ukashushwa Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, ambacho kiko mbali na Posta na Kariakoo. Wapiga debe watakuzunguka na kuushika mzigo wako kabla hujasema unakokwenda. Ushike mwenyewe, usogee pembeni, umuulize mtu mwenye sare. Anayekuja kwa treni ya SGR kutoka Dodoma au Morogoro, safari zilizoanza mwaka 2024, hushukia katikati ya jiji na hana usumbufu huo.

Daladala na lugha yake

Kila daladala huandikwa njia yake mbele na huwa na utepe wa rangi ubavuni. Soma maandishi kwanza, kisha msikilize konda, kwa sababu konda anayetafuta abiria anaweza kukuitikia "inafika" hata kama haifiki. Majina ya vituo utayasikia zaidi kuliko utakavyoyaona yameandikwa: Bendera Tatu, Kwa Azizi Ali, Bamaga, Magomeni Mapipa, Mbezi Mwisho. Mweleze konda mapema unaposhuka. Useme "nishushe Bamaga" kwa sauti, na kituo kikikaribia uanze kusogea mlangoni. Mnong'ono hausikiki ndani ya daladala.

Nauli hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Konda hana ruhusa ya kuipandisha kwa sababu mvua inanyesha. Kosa lingine ambalo mgeni hulivumilia bila kujua ni kosa ni kukatisha ruti: gari limeandikwa Mbagala, linawashusha njiani na kugeuza. Una haki ya kufikishwa mwisho wa njia iliyoandikwa. Ukinyimwa, chukua namba ya gari na uitaarifu LATRA au askari wa usalama barabarani aliye karibu. Kulalamika peke yako kituoni hakurudishi nauli.

Saa za jioni utaona watu wanapanda daladala linaloelekea kinyume na kwao. Wanageuza nalo: wanalipa nauli ya kwenda hadi mwisho wa njia ili wapate kiti cha kurudia. Si kosa, ila bajeti yako ya mwezi iwe inajua.

Mabasi ya mwendokasi yalianza mwezi Mei 2016 kwenye barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kivukoni, yakiwa na matawi ya Gerezani na Morocco. Ndani ya basi hakuna konda wa kumlipa, kwa hiyo nauli hulipwa kituoni kabla ya kupanda. Angalia pia basi lenyewe ni la aina gani, kwa maana kuna linalosimama kila kituo na kuna linaloruka. Upande wa Kigamboni una njia mbili: pantoni ya Kivukoni, au Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016, ambalo gari hulipia kuvuka.

Bodaboda ni ya haraka na ndiyo inayotutia hofu zaidi. Sheria inamtaka dereva na abiria wake wavae kofia ngumu. Akikuambia anayo moja tu, mwache aende. Mishikaki, yaani abiria wawili au watatu nyuma ya dereva mmoja, ni kosa hata kama askari hayuko.

Leseni: kilichoandikwa humo

Leseni uliyoipata Kigoma inatumika Dar, hakuna leseni ya jiji. Wanaokwama ni wenye leseni isiyolingana na chombo. Daraja D ndilo lililozoeleka kwa gari dogo la binafsi. Pikipiki ina madaraja yake ya A, na kubeba abiria wa kulipa ni daraja C. Kijana aliyekuja na leseni ya gari, akapewa pikipiki ya kampuni apeleke mizigo, anaendesha bila leseni machoni pa sheria, hata kama usukani ameujua tangu shule.

Usiyenayo kabisa, mlolongo ni huu: shule ya udereva inayotambulika, leseni ya kujifunzia, mtihani wa Polisi wa Usalama Barabarani, cheti cha umahiri, kisha TRA wanaotoa kadi yenyewe. Tangu mwaka 2019 leseni hudumu miaka 5. Kuna watu mjini watakaokuahidi leseni bila shule wala mtihani. Tunalisema hili bila kulizunguka: hiyo ni hongo, na siku ya ajali bima inaweza kukataa kulipa ikigundulika hukustahili kuendesha.

Gari liwe lako kwa karatasi

Hapa ndipo wageni wengi wanapopotelea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Gari la mkononi jijini hununuliwa kwa maneno matamu na haraka. Muuzaji anakupa funguo, kadi ya gari ikiwa na jina la mtu wa tatu, na ahadi kwamba "tutabadilisha wiki ijayo". Usilipe pesa yote kabla jina halijaanza kubadilishwa TRA. Kwanza ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa Polisi wa kuangalia faini mtandaoni, kwa kuwa deni hukaa kwenye namba ya gari. Faini alizoandikiwa mwenye gari wa zamani zitakusubiri wewe kwenye kizuizi cha kwanza. Kisha angalia bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa namba hiyohiyo. Mtu anaweza kuchapisha stika nzuri ya bandia, lakini kwenye mfumo haitaonekana.

Bima ndogo ndiyo sheria inayoilazimisha. Hiyo humlipa uliyemgonga, na gari lako utalitengeneza mwenyewe. Anayetaka gari lake nalo lilipiwe likiharibika au kuibwa anunue bima kubwa. Uangalie pia bima yako imeandikwa matumizi gani. Namba za njano ni za gari binafsi na nyeupe ni za biashara. Ukitoza nauli asubuhi kwa gari lenye namba za njano, umevunja masharti ya usafirishaji na umejitoa mwenyewe kwenye ulinzi wa bima.

Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 na mzigo wake ukahamishiwa kwenye mafuta. Atakayekudai "rodi laisensi" ya mwaka huu anakudanganya.

Barabarani

Mwendo kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa, na vibao vyake utavikuta hata mahali panapokushawishi ukimbie. Dereva wa mbele akikuwashia taa kukuonya kuna tochi ya kupima mwendo, asante yake ni kupunguza mwendo na kubaki hivyo.

Mgeni huduwaa kwenye makutano. Saa za foleni askari husimamia mataa kwa mkono, hivyo unaweza kuona kijani halafu askari amekunyooshea kiganja usimame. Ishara ya askari inashinda taa. Askari asipokuwepo, mataa yanatawala, na wenyeji wanaokupita kwenye nyekundu wasikuvute. Vilevile usiingie njia ya mwendokasi kwa sababu umeona bodaboda watatu wamo. Nao wanakamatwa.

Kwenye zebra simama. Kuna kasumba jijini ya kumpigia honi anayesimama kuwapisha wanafunzi. Acha wapige.

Ukisimamishwa, simama kushoto mahali salama, toa leseni na usikilize kosa lako. Faini ya papo hapo imekuwa shilingi 30,000 kwa kosa, na hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo kupitia simu au benki. Askari hapokei pesa mkononi. Usipokubali kosa, sema hivyo kwa adabu na uombe lipelekwe mahakamani, hiyo ni haki yako. Maegesho ya barabarani nayo hulipwa kwa kumbukumbu namba, na deni lake hufuata namba ya gari kama faini.

Masika, kati ya Machi na Mei, Mto Msimbazi hufurika na barabara ya Morogoro pale Jangwani imewahi kufungwa mara nyingi. Maji yakivuka barabara, geuza. Usipime kina kwa gari.

Ajali ikitokea

Simama. Anayekimbia baada ya kugonga huongeza kosa juu ya kosa. Weka pembetatu nyuma ya gari, msaidie majeruhi, piga 112 kwa polisi au 114 kwa zimamoto. Polisi watatoa fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu ya majeruhi, na ripoti yao ndiyo kampuni ya bima itakayoiomba kabla ya kulipa chochote. Makubaliano ya pembeni na mliyegongana naye, bila polisi, hukunyima ripoti hiyo. Hifadhi namba hizo mbili kwenye simu yako leo, hata kama bado huna gari.