Sajili ya Anga: Lugha na Kuepusha Mgongano wa Ndege Zinaposhuka

Utangulizi

Wanafunzi wa isimujamii wanapotakiwa kutaja mifano ya sajili, aghalabu huzitaja zile zile: sajili ya hospitali, ya mahakama, ya matatu na ya sokoni. Makala hii inakusudia kuichunguza sajili isiyosikika sana madarasani mwetu, ambayo kosa lake moja la neno halifutiki kwa kuomba radhi. Hii ni sajili ya redio baina ya rubani na mwongoza ndege, hususan ndege inaposhuka kwenda kutua. Suala la migongano ya angani si geni kwetu. Tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa imeruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, iligongana na ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172. Ile kubwa ilirejea salama, lakini watu wawili waliokuwa ndani ya Cessna walifariki.

Kwa nini kushuka? Ndege ikiwa katikati ya safari hushika kimo kimoja kwa muda mrefu, nayo hutengwa na jirani yake wa juu au wa chini kwa futi 1,000 au zaidi, yaani takriban mita 305. Inapoanza kushuka, huwa kama mtu ateremkaye ngazi za jumba lenye wapangaji katika kila ghorofa. Huvikata vimo vya wengine, na wakati huo huo zile zinazoondoka uwanjani zinapanda kuijia. Mwongoza ndege huiteremsha kwa hatua, kimo hadi kimo, na kila hatua ni amri inayotamkwa.

Amri na Mwitiko Wake

J. L. Austin, katika nadharia yake ya vitendo-uneni, alituonyesha kwamba kusema ni kutenda, na kwamba tendo hilo haliwi mpaka masharti fulani yatimie. Sijaona mahali ambapo hoja hiyo inadhihirika waziwazi kuliko hapa. Amri ya kushuka haijakamilika inapotoka kinywani mwa mwongoza ndege. Rubani sharti airudie, pamoja na nambari zake, naye mwongoza ndege asikilize marudio hayo na kuyasahihisha yakiwa na dosari. Katika fasihi simulizi kiitikio hunogesha utendaji, ilhali angani kiitikio ni ushahidi kwamba ujumbe umefika ulivyotumwa.

Hata fonolojia haikuachwa nyuma. Nambari hutamkwa tarakimu moja moja, na neno la Kiingereza la tisa huongezewa silabi ili lisidhaniwe kuwa tano. Sababu ni kwamba redio hukwaruza na wasemaji wana lafudhi za mataifa mengi.

Kisa cha Charkhi Dadri

Mnamo tarehe 12 Novemba 1996, jioni, ndege ya Kazakhstan aina ya Ilyushin Il-76 ilikuwa ikishuka kwenda Delhi, India. Boeing 747 ya Saudia ilikuwa imeondoka Delhi ikipanda. Ndege zilizofika na zilizoondoka zilitumia ushoroba mmoja wa anga. Ile ya Kazakhstan iliruhusiwa kushuka hadi futi 15,000, na ile ya Saudia kupanda hadi futi 14,000. Zingefuata maneno hayo zingepishana salama, moja juu ya nyingine.

Wafanyakazi wa Ilyushin waliarifu kwamba wamefikia futi 15,000. Mwongoza ndege akawaeleza kuwa kuna Boeing mbele yao, inayowajia, akataja umbali wake na kimo chake. Wakaitikia. Hata hivyo ndege yao haikuwa imetulia katika futi 15,000. Iliendelea kushuka ikapita kimo hicho. Rada ya Delhi wakati huo haikuweza kumwonyesha mwongoza ndege kimo, kwa hiyo alichokuwa nacho ni neno lao tu. Ndege hizo ziligongana juu ya Charkhi Dadri, na watu wote 349 wakaangamia.

Tume ya uchunguzi iliona kwamba chanzo kilikuwa ndege ya Kazakhstan kushuka chini ya kimo ilichopewa. Lakini msomi wa lugha ana la kutazama zaidi. Aliyezungumza na Delhi hakuwa rubani bali mwendesha redio, ambaye hakuwa na altimita yake mwenyewe na alilazimika kuchungulia zile za marubani. Wachunguzi walitaja pia udhaifu wa Kiingereza wa wafanyakazi hao. Isitoshe, walikuwa wamezoea kupima kimo kwa mita, ilhali Delhi ilisema futi. Basi amri ile ilipita katika mikono mitatu, yaani lugha ya kigeni, kipimo kigeni na mtu wa kati, kabla ya kuufikia mkono ulioshika usukani. Marudio ya redio yalikuwa sahihi, lakini mkono haukuyajua. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye funzo kubwa kuliko lile la lafudhi ambalo hutajwa kila mara.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga baadaye liliweka viwango sita vya umilisi wa lugha, na tangu mwaka 2008 rubani na mwongoza ndege wa safari za kimataifa hutakiwa kufikia angalau kiwango cha nne.

Mashine Nayo Husema

India ililazimisha ndege ziwe na mtambo wa kuepusha migongano. Mtambo huo huwasiliana na transponda za ndege jirani, hukadiria muda uliosalia, kisha hutamka amri: panda, au shuka. Mitambo ya ndege mbili hupatana ili moja ipande na nyingine ishuke. Lakini amri zikiwa mbili, ipi itiiwe? Tarehe 1 Julai 2002, karibu na Überlingen, Ujerumani, mtambo uliiambia Tupolev ipande ilhali mwongoza ndege ameiambia ishuke. Boeing 757 iliyokuwa ikiijia iliamriwa na mtambo wake ishuke. Tupolev ilimtii binadamu, zote zikashuka, na watu 71 wakafa. Tangu hapo imesisitizwa kwamba amri ya mtambo hutangulia.

Mtambo nao ulihitaji mhariri. Awali ulikuwa na amri ya kuwataka marubani “kurekebisha kasi ya wima”. Ikabainika kuwa baadhi yao waliongeza kasi badala ya kuipunguza, kwani kitenzi rekebisha hakina mwelekeo. Toleo la 7.1 liliiondoa kauli hiyo na kuamuru ndege isawazishwe, isipande wala isishuke.

Je, kwa Kiswahili?

Wapo wenzetu watakaouliza kwa nini redio ya Nairobi isiongee Kiswahili. Naupenda moyo huo, lakini marubani walio kwenye masafa mamoja husikilizana, na kila mmoja hujichorea picha ya anga kwa yale anayoambiwa mwenzake. Rubani wa Addis Ababa asiyejua Kiswahili atakuwa kipofu wa nusu.

Pana pia mtego wa saa. Mahali pa ndege nyingine hutajwa kwa uso wa saa: kumi na mbili ni mbele kabisa, sita ni nyuma. Sasa mkono wa saa unapoelekea 12, Mswahili husema saa sita, na unapoelekea 6, husema saa kumi na mbili. Mtafsiri atakayefuata mazoea ya lugha yetu atamwambia rubani atazame mbele, naye ageukie mkiani.

Istilahi za kufundishia, hata hivyo, tunazihitaji. Urubani hutenganisha umbali kutoka ardhini, umbali kutoka usawa wa bahari, na kiwango kinachosomwa altimita ikiwekwa kwenye shinikizo sanifu la hewa la hektopaskali 1013. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya futi 5,300 juu ya bahari, hivyo ndege iliyo futi 7,500 kutoka usawa wa bahari iko futi 2,200 tu juu ya njia yake ya kutua. Napendekeza kimo kwa dhana ya kwanza, mwinuko kwa ya pili na ngazi kwa ya tatu, na wanachama wenye hoja tofauti walete zao katika toleo lijalo.