Mwezi usiokuja: kazi ya insulini ndani ya mwili wa mama

Ndugu msomaji, mara nyingi ukurasa huu unakusemesha juu ya kofia, viatu vya kazi na vumbi la mgodi. Leo tunaingia nyumbani kwako, na tunaomba bwana asome pamoja na bibi yake.

Tazama jambo hili. Bibi ameolewa tangu miaka 3. Mwezi wake unakuja mara moja, kisha unakawia siku 40, siku 60, hata zaidi. Nywele zinaota kidevuni, chunusi usoni haziishi. Ngozi ya nyuma ya shingo imekuwa nyeusi na nene. Anaisugua kwa sabuni na jiwe, haitoki. Mimba haiingii. Sasa jamaa ya mume inanong'ona. Huyu anasema ni ulozi, yule anasema aliharibu mimba wakati wa usichana, mwingine amekwisha kuhesabu mali ya kurudishwa. Bwana mwenyewe akitoka kazini hajui amsikilize nani.

Kuna ugonjwa wenye alama hizo. Wanganga wa hospitali wanauita ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi. Ovari ni zile kokwa mbili ndani ya tumbo la mwanamke, ambamo mayai ya uzazi yanakomaa. Si ugonjwa wa ajabu: Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba katika wanawake 100 wenye umri wa kuzaa, 6 mpaka 13 wanao, na walio wengi hawajaambiwa. Mwaka 1935 huko Chicago, wanganga wawili, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika habari za wanawake 7 wenye hali hiyo. Kwa miaka mingi watu walitazama ovari tu. Ndipo mwaka 1980 wanganga wa Marekani walipopima damu ya wagonjwa, wakakuta kwamba insulini na homoni ya kiume zinapanda pamoja.

Insulini ni nini? Ni mjumbe anayetembea ndani ya damu. Inatengenezwa na kongosho, tezi iliyo nyuma ya tumbo la chakula. Ukila bukari au mkate, chakula kinageuka sukari ndani ya damu, na insulini inagonga mlango wa misuli ili sukari iingie.

Sasa fikiri kiwanda cha kusaga mawe ya shaba. Kelele ni nyingi. Kapita anaita kikosi cha kwanza. Hawasikii, masikio yao yamekwisha kufa. Anapaza sauti, anapaza tena. Mwishowe wanafanya kazi yao. Lakini kikosi cha pili, chenye masikio mazima, kimesikia makelele yote, na kimefanya kazi mara mbili ambayo hakuna aliyeiomba. Misuli ndiyo kikosi cha kwanza: haisikii insulini vizuri, kwa hiyo kongosho inaongeza insulini. Ovari ndizo kikosi cha pili.

Insulini nyingi inazisukuma ovari kutengeneza homoni ya kiume kupita kiasi. (Kila mwanamke anayo kidogo, kama vile kila mwanaume ana kidogo ya kike; neno hilo lisikutishe.) Tena insulini inalizuia ini kutengeneza kile kinachoifunga homoni hiyo katika damu. Basi homoni inabaki huru, na ndevu zinaota. Ndani ya ovari mayai yanaanza kukua, halafu yanasimama njiani. Ndivyo vile vifuko vinavyoonekana kwenye ekografia. Jina linadanganya, maana si uvimbe wa kupasuliwa. Yai lisipotoka, mwezi haufiki na mimba haipatikani. Ile shingo nyeusi nayo mara nyingi ni alama ya insulini nyingi, si uchafu. Tusikosee lakini: si wagonjwa wote ni wanene. Mwembamba pia anaweza kuupata.

Usikimbilie kwa mfumu. Mama aende hospitali akiwa na daftari la tarehe za mwezi wake. Watampima damu, pamoja na sukari, maana mwenye ugonjwa huu anaelekea zaidi kupata ugonjwa wa sukari, hata wakati wa mimba. Na wewe bwana, nenda naye ukapimwe. Mara nyingi nyumba inakosa mtoto kwa sababu ya mume, au ya wote wawili, na kipimo cha mbegu za mwanaume hakiumi.

Nyumbani, chakula hakihitaji kuwa cha ghali. Punguza mlima wa bukari, ongeza sombe, lengalenga, maharagwe na samaki. Vinywaji vya sukari vya chupa viache. Kutembea kwa mwendo wa haraka dakika 30, siku 5 kwa juma, kunasaidia misuli isikie insulini tena. Mama mnene wa kilo 80 akipungua kilo 4 tu, pengine mwezi wake utaanza kurudi. Munganga anaweza kuongeza metformini, dawa ya ugonjwa wa sukari inayosaidia mwili kuitii insulini. Kwa anayetafuta mtoto kuna letrozoli, ya kukomaza yai. Dawa hizi zisinunuliwe sokoni bila karatasi ya munganga: metformini haifai kwa mtu mwenye mafigo mabovu, na letrozoli haimezwi wakati mimba imekwisha kuingia.

Asiyetaka mtoto sasa asidhani kwamba ugonjwa unamkinga. Yai linaweza kutoka siku yoyote bila kuarifu, na mimba ikaingia. Kwake munganga anaweza kuchagua vidonge vya kupanga uzazi, ambavyo pia vinatuliza homoni ya kiume.

Na kama siku 90 zimepita bila damu, wala mimba haipo, usingoje. Utando wa ndani ya tumbo la uzazi unaendelea kunenepa, na baada ya miaka unaweza kugeuka kansa. Hospitalini kuna dawa ya kuushusha.